Rongai Ngapi Leo?

Kazi yangu ni kunyoosha Kiswahili cha watu wengine. Naletewa miswada ya vitabu vya shule, nakaa nayo na kalamu nyekundu, napatanisha ngeli zilizogombana, narudisha koma mahali pake. Kwa hiyo Machi 2024 nilipotumwa Nairobi wiki tatu kukaa na wahariri wenzangu wa kule, lugha haikunitia hofu hata kidogo. Nilihofia baridi ya asubuhi, na ugali wao unaokatwa kwa kisu. Usafiri nao sikuuwazia kabisa. Mtu aliyepanda magari ya Mbagala, kwetu Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni kwa miaka kumi na mitano, tena mara nyingine akaingilia dirishani akiwa na sketi, utamtisha na nini?

Nilifikia kwa binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliyeolewa Ongata Rongai. Rongai iko kusini-magharibi mwa jiji, ukishapita Lang'ata, na kiserikali imo kaunti ya Kajiado, si Nairobi. Wanairobi huwatania wakazi wake kwamba wanaishi ughaibuni, na kwamba wakija mjini waje na pasipoti. Mimi ya kwangu nilikuwa nayo.

Basi lilinishusha katikati ya jiji saa nane mchana. Binamu alikuwa kazini. Ujumbe wake kwenye simu ulikuwa hivi: "Uliza Railways. Panda 125. Ukifika Maasai Lodge nipigie." Hakuna karibu, hakuna pole na safari. Amekaa Kenya miaka kumi na minne, huyo si wetu tena.

Railways ni pale mbele ya stesheni ya zamani ya reli. Nikamsogelea kijana aliyesimama mlangoni pa gari, noti amezikunja kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole kama feni. Nikasema kama nilivyolelewa: "Habari za mchana, kaka. Samahani, naomba kuuliza, nauli ya kwenda Ongata Rongai ni shilingi ngapi?"

Akanitazama. Akamgeukia mwenzake. "Huyu ni wa TZ," akasema, kwa sauti ya daktari anayesoma majibu ya kipimo. Kisha akanirudia: "Auntie, ni soo. Ingia, imebaki mmoja."

Soo ndiyo nini? Nikatoa noti ya mia mbili nisubiri kitakachorudi. Ikarudi mia. Basi soo ni mia. Baadaye nikajua kwamba finje ni hamsini, mbao ni ishirini na ashu ni kumi. Lakini hayo niliyajua baadaye. Kesho yake asubuhi pale Rongai nilimsikia konda akipaza sauti, "Tao soo na mbao! Tao soo na mbao!" Nami kwa akili zangu za Kibongo nikaelewa mambo mawili tu, tao na mbao, nikadhani kuna fundi anauza fremu za milango. Kumbe tao ni mjini. Sina haki ya kulalamika sana. Sisi tuna jero na buku na msimbazi, na sijawahi kumwonea huruma mgeni anayehangaika nazo.

Turudi kwenye "imebaki mmoja". Niliingia, na kweli gari lilionekana limejaa. Nikakaa. Jirani yangu alikuwa kijana mwenye dalili zote za msafiri: begi mapajani, koti zito, uso wa mtu aliyeamka alfajiri. Dakika kumi, gari halitikisiki. Akaja baba mmoja na mfuko wa viazi. Mtu wa kiti cha mbele akasimama, akashuka. Akaja mwanafunzi, mwingine akashuka. Baada ya dakika ishirini aliingia mama mmoja wa makamo, na jirani yangu akasimama, akamwachia nafasi, akateremka. Nikasema moyoni, vijana wa Nairobi wana heshima jamani. Nikamfuata kwa macho kupitia dirishani. Alipokea sarafu kutoka kwa mpiga debe, akaingia gari lililokuwa nyuma yetu, akakaa, akaweka begi mapajani, akavaa tena uso wa mtu aliyeamka alfajiri.

Ni ajira hiyo. Gari tupu halivutii mtu, kwa hiyo wanalijaza watu wa kuazima mpaka wa kweli wapatikane. Dar hatuhitaji kuazima, maana gari letu likifika kituoni linavamiwa kabla halijasimama, na wajanja wameshalipandia kituo cha nyuma wakalipia mara mbili ili wageuze nalo wakiwa wamekaa. Kugeuza na gari ni jambo nililojaribu kumweleza binamu mezani usiku ule akashindwa kunielewa. "Yaani unaenda kule usikoenda, ndipo uende unakoenda?" Ndiyo. Ili ukae. Mtu wa Mbagala atanielewa.

Huko kwao kiti si tatizo, na hiyo ndiyo tofauti ya kwanza iliyouingia mwili wangu. Sharti la abiria kukaa, kila mtu na kiti chake na mkanda wake, lilikazwa mwaka 2004 na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki. Alitaka vidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni, abiria 14 kwenye yale magari madogo, si zaidi. Wakenya mpaka leo wakitaja sheria kali za barabarani husema "sheria za Michuki". Sitasema kwamba zinafuatwa zote; mikanda niliyoiona mingi imechoka, na usiku watu husimama vizuri tu. Lakini kwa wiki tatu, ukiondoa usiku mmoja nitakaousimulia, sikusafiri hata siku moja nimeinama shingo, na kwapa la mtu usoni kama cheti cha ubatizo. Mgongo wangu ulishukuru.

Kilichonisumbua ni bei.

Siku ya kwanza mchana nililipa mia. Ya pili asubuhi, mia na ishirini. Jioni yake, njia ileile, mia na hamsini. Siku ya nne binamu alisimama kibarazani saa kumi na nusu alfajiri, akatazama wingu lililolala upande wa Ngong, akaniambia, "Amka, toka sasa hivi kabla haijapanda." Nilidhani anazungumzia mto. Alikuwa anazungumzia nauli.

Ilinichukua muda kukubali kwamba watu wazima, wasomi, wanaishi hivi. Kwetu nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, kwa kilomita. Wakati ule, kwa bei iliyoanza Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600, liwe jua, iwe mvua, liwe bonde la Jangwani limegeuka bahari. Konda akikuzidishia hata hamsini gari zima linamgeukia. Lakini ukiitazama vizuri, hesabu ni ileile. Dereva wa Rongai na dereva wa Mbagala wote wawili wana tajiri anayesubiri fedha yake jioni, mvua au jua, na foleni ikiwameza wote wawili wanapungukiwa idadi ya safari. Yule wa Rongai anaifidia kwenye bei. Wetu bei haigusiki, basi anaigusa safari: anakatisha ruti. Umelipa mpaka mwisho wa njia, anakushusha nusu, anageuza, anachukua wengine kwa nauli kamili. Nani ana nafuu? Nimelifikiria hili sana kwenye foleni za nchi zote mbili, na jibu langu hutegemea nimesimama au nimekaa.

Kinachonichekesha ni kwamba magari yote mawili yalipewa majina ya bei. Matatu inatokana na "tatu": sarafu tatu za senti kumi ndizo zilizokuwa nauli. Yalikuwa magari ya kujitegemea, yakikimbizana na askari, mpaka mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alipotamka yaachwe yabebe watu. Daladala ni dala, shilingi tano, enzi ambazo UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam lililoanzishwa 1974, lilikuwa limezidiwa, na watu wenye magari yao wakawa wanabeba abiria kwa kificho. Mwaka 1983 serikali ikaona bora iwape ruhusa. Senti thelathini na shilingi tano. Ukimpa konda yeyote kati ya hao wawili nauli iliyomo kwenye jina la gari lake leo, atadhani unamtukana.

Sasa, mimi ofisi yangu ilikuwa Westlands. Maana yake kila siku nilishuka Railways, nikavuka jiji kwa miguu, nikapanda gari la pili upande wa pili. Kabla ya safari nilikuwa nimepakua ramani ya matatu, ile iliyotolewa mwaka 2014 baada ya wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani kuzunguka na simu wakirekodi njia zaidi ya 130. Imechorwa kwa mistari ya rangi kama ramani ya treni za London. Ni ramani nzuri, na ningeibandika ukutani. Mtaani ilinipa moyo tu. Ramani inakuambia mstari unapita wapi, haikuambii usimame upande gani wa barabara, na Nairobi upande wa barabara ndiyo habari yote.

Nikarudi kwenye kuuliza. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu: nilikuwa nauliza mahali, na watu wa Nairobi wanajibu kwa alama. "Gari za Westlands ziko wapi?" "Nenda Koja." Koja iko wapi? "Hapo juu, ukipita Odeon." Odeon ni jina la sinema. Koja ni msikiti wa Makhoja wenye mnara wa saa, ambao matamshi ya makonda yamemtoa yule "kh" wakamwacha barabarani. Ambassadeur ni hoteli. Ukisimama mbele yake unaona Archives, nyaraka za taifa, na hapo karibu sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya iliyosimamishwa 2011 karibu na mahali alipopigwa risasi 1969. Kuizunguka kila jioni kuna watu hamsini wanasubiriana. Ukimwambia mtu "tukutane mjini" hatakupata. Mwambie "tukutane Archives".

Ningekuwa mwepesi wa akili ningelijua hili tangu nyumbani. Mimi ni mtu ninayetoka mji wenye kituo kinachoitwa Sinza kwa Remmy, kwa jina la Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akaishi nasi mpaka alipofariki 2010, na gari bado linashusha kwake kila siku. Tuna Ubungo Maji, tuna Buguruni Sheli, tuna Mbagala Rangi Tatu. Mgeni akiniuliza rangi ni zipi nitamjibu nini? Lakini Nairobi wametushinda kwa hili moja: Githurai. Matatu namba 44 ilipita upande mmoja wa mtaa na namba 45 upande wa pili, na sasa ni mitaa miwili, Githurai 44 na Githurai 45, watu wanazaliwa na kuzikwa wakiwa na namba ya gari kwenye anwani. Gari ndilo lililowapa mtaa jina.

Westlands yenyewe haina hadithi ndefu. Unapanda, unapita chini ya ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022, wenye magari yao wanateleza huko angani na sisi tuko chini tunahesabu nguzo. Siku ya kwanza nilitoa simu niangalie nimefika wapi. Dada mmoja aliyekaa nyuma yangu akanyoosha mkono bila kusema neno, akafunga dirisha langu. Kisha akasema, "Sasa tumia." Hakuongeza neno, wala mimi sikuhitaji ufafanuzi. Kariakoo tumefunzwa hivyohivyo.

Adabu nayo ilinipa shida. Asubuhi moja nilimwamkia mzee aliyekaa karibu nami: "Shikamoo." Akanitazama kama mtu anayedaiwa deni asilolikumbuka. "Sasa," akanijibu. Nikanyamaza mpaka Railways.

Niliyoipenda ni lugha ya bati. Dar konda anachakacha sarafu kiganjani, ndiyo "nauli jamani", na akipiga bodi mara mbili suka, yaani dereva, anaondoa. Nairobi sarafu hazichakachwi. Konda anakugusa bega, unatoa. Lakini bodi inapigwa vilevile, mbili kwa kuondoka, na ukiwa umefumba macho unaweza kudhani uko Tandika. Labda muziki ndio utakaokuzindua. Njia ya Rongai inajulikana kwa manganya, magari yaliyochorwa kuanzia bampa hadi paa, skrini ndani, taa za zambarau, spika zinazokutetemesha meno. Michoro hiyo iliwahi kupigwa vita mpaka Rais Uhuru Kenyatta alipoibariki mwaka 2014, akisema ni kazi ya vijana. Binti wa binamu yangu, miaka kumi na saba, hapandi gari lisilo na jina analolijua. Anaacha matatu tatu tupu zipite, anasubiri ya nne, analipa zaidi. Nilimwambia ni ujinga. Akaniuliza kama Dar tuna gari lolote ambalo mtu amewahi kulisubiri kwa mapenzi. Sikuwa na jibu la haraka.

Wiki ya pili, Alhamisi, mvua ilianza saa kumi. Nilifika Railways saa kumi na mbili na nusu nimelowa mpaka kwenye mifupa. Soo mbili. Sikubishana, nikaingia, nikatoa noti ya elfu maana ndiyo niliyokuwa nayo. Konda akasema chenji baadaye. Barabara ya Lang'ata ilikuwa imesimama, taa nyekundu za magari zimeungana kama tasbihi. Saa mbili na robo tukawa bado hatujamaliza hata nusu. Tulipofika Bomas, pale barabara ya Magadi inapochepuka kwenda Rongai, dereva akaingia pembeni na kuzima muziki. Ukimya ule ndio ulioniamsha.

"Watu wangu," konda akasema, "gari ina shida kidogo, mtaingia hiyo ingine."

"Shida gani?" akauliza mama niliyekaa naye, mwenye kapu la mboga. Akanigeukia. "Tumeuzwa, haki."

Dar tungesema tunafaulishwa, kama mizigo ya lori lililopasukiwa tairi. Wao wanasema kuuzwa, na neno lao ndilo la kweli zaidi, maana niliona kwa macho yangu. Konda wetu alimwendea konda wa gari lililosimama mbele, wakasemezana chini ya mvua, noti zikatoka katikati ya vidole vya huyu zikaingia katikati ya vidole vya yule. Kisha tukahesabiwa mgongoni kama mbuzi wa mnada wa Pugu. "Nimelipiwa tisa, nyinyi ni kumi na moja," yule mnunuzi akapiga kelele. Gari letu halikuwa na ugonjwa wowote. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na watu tele wa kurudi mjini, nao pia walikuwa wanalipa bei ya mvua.

Ndipo nikakumbuka elfu yangu. Nikasema, kwa Kiswahili changu cha kalamu nyekundu, "Kaka, samahani, naomba chenji yangu." Akajifanya hasikii, mguu mmoja ulikuwa umeshapanda ngazi ya gari. Yule mama wa kapu akaliweka kapu chini kwenye matope, akamshika konda shati kwa nyuma, na kusema maneno mengi ambayo ningeyafuta yote kwenye muswada. La mwisho tu ndilo nililielewa vizuri: "Na huyu ni mgeni!" Konda akatoa noti, akanihesabia mia saba.

"Ni mia nane," nikasema.

"Auntie, ilipanda tukiwa njiani."

Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka, sijui kwa nini, nimelowa, nimeuzwa, nimepigwa mia. Tukabanana katika gari la pili, watu wawili wakasimama bila kulipiwa, mmoja akiwa mimi. Kwa dakika ishirini nilikuwa nyumbani.

Baada ya hapo binamu alinipeleka nikasajili laini kwa pasipoti, nikawa nalipa kwa M-Pesa nauli kamili bila chenji ya mtu. Nikajifunza kuuliza bei kabla ya kupanda, tena kwa maneno mawili, bila kaka, bila samahani, bila naomba. "Rongai ngapi?" Ukiuliza kwa ufupi hivyo unapewa bei ya mwenyeji. Ukitanguliza salamu unapewa bei ya mtu mwenye nafasi. Wiki ya tatu nilijisikia nikimwambia dereva, "Shukisha hapo kwa stage," na hakuna kichwa kilichogeuka. Ningeikuta sentensi hiyo kwenye muswada ningeizungushia duara.

Nilirudi Dar Jumapili usiku, nikashuka Mbezi kwenye stendi ya Magufuli, begi moja mkononi na lingine kichwani. Joto likanipokea. Gari la Mbagala lilikuwa linajaza, konda anachakacha sarafu. Nikatazama juu: wingu zito upande wa baharini, na tone la kwanza likaniangukia shavuni. Nikamsogelea haraka.

"Mbagala ngapi leo?"

Akaacha kuchakacha. "Leo?" akasema. Akawageukia waliokaa dirishani. "Jamani, huyu mama anauliza nauli ya *leo*." Gari zima likacheka. "Mama yangu, ulikuwa gerezani? Panda, panda, mvua hiyo."

Nikapanda. Viti vilikuwa vimejaa.